Jenerali Aliyeandika Barua kwa Hasira

Mwaka juzi nilikuwa nikiuza viatu vya mtumba mtandaoni. Naingia Gikomba kabla jua halijatoka, nachagua zile kamera, jozi ambazo ukizisugua vizuri hakuna atakayejua zilishatembea Ulaya miaka mitatu. Nazipiga picha juu ya shuka jeupe, jioni zinapanda kwa simu. Siku moja mteja akaniandikia: anataka blucher nyeusi, saizi 43, ya kuvaa siku ya mahafali yake.

Nilidhani ni jina la kampuni. Nikamjibu kwamba ziko njiani, kama kawaida yetu wauzaji, kisha nikaenda kutafuta hicho kitu ni nini. Kumbe ni mtindo wa kushona. Yale masikio mawili yenye matundu ya kamba yameshonwa juu ya ngozi ya mbele na kuachwa wazi, ili hata mguu mnene uingie bila vita. Ni ndugu wa kile kiatu cheusi tulichovaa shuleni. Jina lake limetoka kwa Gebhard Leberecht von Blücher, jenerali wa Prusia, na hadithi ya mafundi wa viatu ni kwamba alitaka askari wake wawe na kiatu cha kuvaa haraka.

Kiatu nilikisahau dakika hiyo hiyo. Kilichonishika ni sentensi moja kwenye maisha ya huyo mzee: aliandika barua ya kuacha jeshi kwa hasira akiwa na miaka 30, akakaa nje miaka 14, kisha akarudi.

Mimi niliandika yangu nikiwa na miaka 21. Nilikuwa mwaka wa tatu, na masomo mawili niliyokuwa nimeyafanyia mtihani yakakosa alama. Yeyote aliyepita chuo hapa Kenya anaujua ugonjwa huo: umeketi, umeandika, umetia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, lakini kwenye mfumo kuna kistari tu. Ofisi hii inakutuma ile, ile inakurudisha hii. Baada ya muhula mzima wa kuzungushwa nilimwandikia mkuu wa idara usiku wa manane, barua pepe ndefu yenye maneno ambayo mathe hajui kama nayajua, na mwishoni nikasema wabaki na digrii yao. Wakabaki nayo.

Kwa hiyo nilimsoma Blücher kama mtu anayesoma faili lake mwenyewe.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba jenerali huyu maarufu wa Prusia hata hakuwa Mprusia. Alizaliwa Rostock, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani ya leo, mwaka 1742, katika dola ndogo ya Mecklenburg. Shule aliipitia juu juu, na hadi uzeeni barua zake zilikuwa na makosa ya tahajia ambayo yangemfanya mwalimu wa darasa la sita aweke kalamu chini. Mwaka 1758, akiwa kijana mdogo tu, alijiunga na wapanda farasi wa Uswidi, ambao wakati huo walikuwa wakipigana na Prusia katika Vita vya Miaka Saba. Miaka miwili baadaye Waprusia wakamteka. Kanali wao, Belling, akampenda kijana, naye akabadilisha sare. Ni kama mchezaji wa Gor kutekwa katikati ya dabi na kumaliza mechi akiwa na jezi ya AFC. Siku zile lilikuwa jambo la kawaida tu. Askari wa kulipwa alifuata farasi, mshahara na bwana.

Prusia yenyewe ilikuwa ufalme wenye jeshi kubwa kuliko mfuko wake. Makao yake yalikuwa Berlin, na ardhi yake leo iko sehemu Ujerumani, sehemu Polandi, na kipande Urusi. Mfalme wake, Frederick wa Pili, alilijua jeshi lake kama mama mboga anavyojua nyanya zake, kila moja na kasoro yake. Blücher akapanda polepole hadi kuwa kapteni wa wapanda farasi. Kisha wakampeleka Polandi, ambako wenyeji walikuwa wameinuka dhidi ya majeshi ya kigeni, na huko akaonyesha upande wake mbaya. Kuna kasisi aliyeshukiwa kuwasaidia waasi. Blücher aliamuru achimbiwe kaburi, afungwe macho, na askari wapige bunduki zisizo na risasi.

Nafasi ya umeja ilipotokea, Blücher aliyeitarajia akarukwa. Ikapewa mtu mwingine, mtoto wa nje ya ndoa wa mwana wa ukoo wa kifalme. Blücher akaandika barua ya kuacha kazi, na maneno yake hayakuwa ya unyenyekevu. Mfalme akamweka kizuizini miezi kadhaa atulize kichwa. Hakukituliza. Mwanzoni mwa 1773 jibu likaja: Kapteni Blücher ameruhusiwa kuondoka, na anaweza kwenda kwa shetani.

Nilicheka sana niliposoma hilo. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijikuta nikimwelewa mfalme. Blücher alionewa, hilo ni kweli. Cheo kilikwenda kwa mtu mwenye damu nzuri. Lakini yule kasisi pia alikuwa kweli, na mfalme alikuwa na habari zake. Unaweza kuwa umeonewa na wakati huo huo uwe umejitafutia. Barua yangu ilisema sana kuhusu alama zilizopotea. Haikusema lolote kuhusu mihadhara ya saa moja asubuhi ambayo nilikuwa naisikia kwa masimulizi tu.

Basi akaenda shambani. Akaoa mwaka huo huo, akalima Pomerania, akazaa watoto saba, akacheza kamari kwa bidii kuliko alivyolima. Na akaandika barua. Sio moja. Miaka ilivyokwenda alimwandikia mfalme tena na tena akiomba arudi, na mfalme, mzee mwenye kinyongo kirefu, akakataa kila mara. Ukihesabu, hiyo ndiyo miaka ambayo wenzake walikuwa wanapanda vyeo, kuanzia thelathini hadi arobaini na nne.

Frederick alikufa Agosti 1786. Mwaka uliofuata mfalme mpya, mpwa wake, akamrudisha Blücher kwenye kikosi kile kile, akiwa meja, na miaka aliyoipoteza akahesabiwa kana kwamba hakuondoka.

Wale jamaa wanaolipwa kutuhamasisha kwenye kumbi za hoteli wangetaka kuifanya hii hadithi ya subira. Siioni subira hapa. Mlango haukufunguka kwa sababu alibisha vizuri, ulifunguka kwa sababu bawabu alikufa. Angekufa yeye kwanza, kwa homa au kwa kuanguka kutoka kwenye farasi akiwa amelewa, tusingekuwa na kiatu chenye jina lake.

Vita vya mapinduzi ya Ufaransa vikampa kazi. Kufikia 1794 alikuwa meja jenerali, 1801 luteni jenerali. Hapo nitapita haraka, kwa sababu mtihani wa kweli ulikuja Oktoba 1806, na akaanguka.

Tarehe 14 mwezi huo Napoleon na majenerali wake walilivunja jeshi la Prusia katika mapigano mawili ya siku moja, Jena na Auerstedt. Blücher alikuwa Auerstedt. Aliwapeleka wapanda farasi wake moja kwa moja dhidi ya askari wa miguu wa Davout, nao Wafaransa wakajipanga miraba, bunduki zikielekea pande zote, na farasi hawaingii kwenye ukuta wa visu. Alijaribu tena. Na tena. Ilikuwa hasira ile ile ya 1773, sasa ikiwa na watu chini yake.

Baada ya hapo jeshi zima lilikimbia. Ngome zikafunguliwa bila risasi, majenerali wakasalimu amri mmoja baada ya mwingine. Blücher hakukubali. Akakusanya mabaki, maelfu ya watu wenye njaa, akawaburura kuelekea kaskazini, huku mnadhimu mmoja mtulivu aitwaye Scharnhorst akimsaidia kupanga njia. Hii ndiyo safari iliyompa jina zuri, kwamba hata Prusia ilipopiga magoti yeye aliendelea kusimama. Vitabu vingi vinaishia hapo kwa sifa.

Lakini ona alikokwenda kusimama. Tarehe 5 Novemba aliingia Lübeck, mji wa biashara usiokuwa upande wowote katika vita hivyo, ambao haukumwalika na haukumtaka. Kesho yake Wafaransa wakaja nyuma yake na kuuvamia. Walipigana mtaa kwa mtaa, na Waprusia waliposhindwa, askari wa Ufaransa wakaupora mji kwa siku kadhaa. Nyumba zikavunjwa, wanawake wakabakwa, raia wakauawa. Blücher mwenyewe alitoroka na wachache, akasalimu amri tarehe 7 karibu na kijiji cha Ratekau, na akasisitiza iandikwe kwamba amesalimu kwa sababu hana mkate wala baruti. Heshima yake ikabaki safi kwenye karatasi. Watu wa Lübeck wakabaki kufagia vioo. Kila mara ninaposikia mtu akisifiwa kwa kutokata tamaa, siku hizi nauliza alikuwa amesimama kwenye uwanja wa nani.

Wafaransa walimwachilia kwa kubadilishana na jenerali wao mmoja. Kisha ikaja miaka ya giza. Prusia ilikatwa karibu nusu, Wafaransa wakakaa nchini, na Blücher, akiwa mkuu wa majeshi huko Pomerania, akaugua akili. Wanaomkumbuka wanasimulia kwamba aliamini ana mimba ya tembo, na kwamba baba wa huyo tembo ni askari wa Kifaransa. Watu wameifanya kuwa kichekesho kwa miaka 200. Mimi naona mzee wa zaidi ya miaka 60, aliyepoteza vita na nchi, aliyekunywa sana, akihisi adui ameingia hadi tumboni. Scharnhorst, ambaye sasa alikuwa analijenga upya jeshi, inasemekana alisema Blücher ndiye lazima aongoze hata akiwa na tembo mia tumboni. Ndiyo pendekezo la kazi zuri kuliko yote niliyowahi kusikia.

Mwaka 1813, Napoleon akiwa amerudi kutoka Urusi na jeshi lililoisha kwa baridi na njaa, Prusia ikamgeuka. Blücher, miaka 70, akapewa jeshi. Scharnhorst alijeruhiwa katika pigano kubwa la kwanza na akafa wiki chache baadaye, na nafasi yake ya unadhimu ikachukuliwa na August von Gneisenau.

Huyu Gneisenau ndiye aliyenifanya niache kulala. Naye alianza kama mimi: aliingia Chuo Kikuu cha Erfurt, akatoka bila kumaliza, akajiunga na jeshi la Austria. Baadaye alipelekwa Marekani na kikosi cha Wajerumani waliokodishwa na Waingereza, akafika vita vikiwa vimeshaisha. Alikuwa karibu na miaka 50 alipojulikana, kwa kuilinda ngome ya Kolberg mwaka 1807. Lakini tofauti na Blücher, alisoma. Ramani, hesabu za mwendo, barabara ipi inabeba mizinga mingapi kwa siku moja. Blücher hakuzijali ramani. Alijua kuwatazama watu usoni na kuwafanya waamke. Askari wa Kirusi walimbandika jina, Marshali Mbele, kwa sababu hilo ndilo neno alilolipigia kelele siku nzima. Na kwa Warusi kumpa jina si ajabu: jeshi lake la Silesia, tunaloliita la Prusia, lilikuwa na Warusi wengi kuliko Waprusia.

Tarehe 26 Agosti 1813, penye mto Katzbach, mvua ilinyesha hadi bunduki zikakataa kuwaka. Jeshi la Macdonald wa Ufaransa lilikuwa limevuka mto na kupanda kwenye uwanda. Blücher aliwasubiri waingie wa kutosha, kisha akawasukuma kwa visu na farasi kurudi kwenye mto uliofurika. Wengi walizama. Miezi miwili haikuisha wakawa Leipzig, siku nne za vita, karibu watu nusu milioni uwanjani, na Napoleon akashindwa. Blücher akapewa ufildimashali, cheo ambacho sisi hapa tunakijua kwa Dedan Kimathi.

Usiku wa mwaka mpya wa 1814 akavuka mto Rhine huko Kaub na kuingia Ufaransa. Na hapo akapigwa. Alikuwa ametawanya jeshi lake barabarani kwa haraka ya kufika Paris. Napoleon akiwa na watu wachache zaidi akavichapa vipande vyake kimoja kimoja, Champaubert tarehe 10 Februari, Montmirail 11, Château-Thierry 12, Vauchamps 14. Mtu mwingine angerudi Rhine. Blücher alikusanya mabaki na baada ya siku chache akaanza kwenda mbele tena, kwa sababu hakuwa na wazo lingine.

Mwezi uliofuata, huko Laon, aliugua homa na macho yakavimba hadi hawezi kutoka kwenye giza. Gneisenau akashika usukani. Hebu fikiria: mwenye akili zote sasa ndiye mwenye amri. Na jeshi likasimama. Gneisenau aliyeijua kila hatari alianza kuziona zote kwa pamoja, akafuta amri ya kumfukuza adui, siku zikapita. Walipofika Paris mwishoni mwa Machi, mzee alirudi juu ya farasi akiwa amevaa kofia ya kike ya hariri ya kijani kukinga macho. Sijui niiteje hiyo, lakini nikiwaza mtu aliyerudi kazini, ndiyo picha inayonijia.

Juni mwaka huo walialikwa Uingereza, na Chuo Kikuu cha Oxford kikampa Blücher udaktari wa heshima wa sheria. Huyo ambaye hakuweza kuandika barua bila makosa. Alitania kwamba kama yeye ni daktari, basi Gneisenau lazima afanywe mchanganya dawa, kwani wao wawili huenda pamoja. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Wengine wanaiona mzaha. Mimi naona ni mtu pekee ukumbini aliyejua kwa hakika kwamba cheti walichompa ni cha watu wawili.

Mwaka uliofuata Napoleon alitoroka kisiwani na ikabidi waanze upya. Tarehe 16 Juni 1815, huko Ligny, Ubelgiji, Blücher alishindwa tena na Napoleon. Giza likiingia, mzee wa miaka 72 aliongoza mwenyewe mashambulizi ya farasi, farasi wake akapigwa risasi na kumlalia. Msaidizi wake, Nostitz, alisimama kando yake gizani huku wapanda farasi wa Ufaransa wakipita, kisha wakipita tena wakirudi, bila kujua nani yuko chini pale. Kwa saa kadhaa jeshi halikujua jemadari yuko wapi. Gneisenau ndiye aliyelazimika kuamua: kurudi mashariki, kuelekea nyumbani na kwenye chakula, au kaskazini, Wavre, ili wasitengane na Waingereza wa Wellington, ambao yeye binafsi hakuwaamini. Akasema kaskazini. Safari hii woga wake haukumshinda.

Blücher akapatikana kwenye nyumba moja, mwili umechubuka, amepakwa vitunguu saumu na pombe kali. Alimwomba radhi ofisa mmoja Mwingereza kwamba ananuka.

Tarehe 18 walitoka Wavre kwenda Waterloo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, njia za bonde la Lasne zilikuwa matope matupu, mizinga ikazama hadi kwenye ekseli, na watu waliokuwa wamepigana na kutembea siku tatu wakasema haiwezekani. Mzee akapita kati yao akiwaambia amempa Wellington neno lake na hawawezi kumfanya mwongo. Waliburura. Alasiri ikielekea jioni, wa kwanza wao wakatokea upande wa kulia wa Napoleon, wakaingia kijiji cha Plancenoit, na kikabadilisha mikono mara kadhaa kabla ya usiku. Karibu Waprusia 7,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea siku hiyo. Waingereza husimulia Waterloo kama mechi yao ya nyumbani.

Alikufa Septemba 1819 kwenye shamba lake huko Krieblowitz, ambako leo ni Polandi. Mwaka 1945 askari wa Kisovieti walivunja kaburi lake. Warusi wa 1813 walimpa jina, na wajukuu wao wakatawanya mifupa yake. Prusia nayo ilifutwa rasmi miaka miwili baadaye.

Juzi niliifungua ile barua pepe yangu ya usiku wa manane. Ina maneno 1,140. Nikaandika nyingine: jina, nambari ya usajili, masomo mawili, ombi la kutafutiwa karatasi zangu. Mistari mitano. Rafiki yangu aliyemaliza sheria akaipitia, akafuta mmoja. Nikaichapisha na kuipeleka mwenyewe. Karani aliipiga muhuri, akanipa nakala, akasema nirudi baada ya wiki mbili.

Nilikuwa nimevaa zile blucher. Nilizipata hatimaye, lakini mteja hakuja kuzichukua. Mimi navaa 41, kwa hiyo navalia soksi mbili.